Peter Scott: Mwanabiolojia Mwenye Brashi

Aghalabu huwasikia walimu wenzangu wakimshauri mwanafunzi achague moja: ama biolojia, ama uchoraji. Ushauri huo umepata nguvu siku hizi, maadamu anayeingia sekondari ya juu hana budi kufuata mkondo wa sayansi, wa sayansi za jamii au wa sanaa na michezo. Nami kila niusikiapo humkumbuka Mwingereza Peter Scott, aliyezaliwa mwaka 1909.

Babake, Kapteni Robert Scott, alifia barafuni Antaktika mwaka 1912, akiwa ameacha barua ya kumsihi mkewe amlee mtoto apende viumbe. Kijana alikwenda Cambridge kusomea sayansi asilia, akahamia historia ya sanaa, kisha akajifunza uchoraji London na Munich. Wazazi wetu wengi wangesema amepotea njia. Riziki yake ikawa kuchora mabata bukini, ndege wale wale aliowawinda kwa bunduki (tusimfanye malaika). Hatimaye aliacha kuwinda; ndiye pia aliyeanzisha, mwaka 1946, hifadhi ya ndege wa majini huko Slimbridge, karibu na mto Severn.

Hapo ndipo jicho la mchoraji lilipoifaa sayansi. Kila majira ya baridi, batamaji weupe wenye shingo ndefu huhamia Uingereza kutoka kaskazini mwa Urusi. Mwaka 1964, akiwatazama bwawani kupitia dirisha lake, Scott alibaini kuwa mabaka meusi na ya manjano mdomoni mwa kila ndege hayafanani na ya mwenzake. Akaanza kuwachora nyuso mmoja mmoja na kuwapa majina. Kwa michoro hiyo watafiti walijua nani amerejea, nani hakuonekana tena, na nani angali na mwenzi wake wa zamani, bila kulazimika kuwakamata.

Panda wa nembo ya WWF, shirika aliloshiriki kuliasisi mwaka 1961, alimchora yeye. Rangi nyeusi na nyeupe zilipunguza gharama ya uchapaji. Alipiga mbizi pia katika matumbawe, akajaza shajara zake michoro ya samaki. Alifariki Agosti 1989, na mwaka huo huo wataalamu wakampa samaki mmoja wa Pasifiki jina la kisayansi Cirrhilabrus scottorum, kwa heshima yake na mkewe Philippa.