Msee aliyesimamisha mwendo kwa flashi

Unapiga picha za basketboli ndani ya jimu, mchezaji anaruka, unapata ukungu tu. Imekutokea, sivyo? Basi mjue Harold Edgerton.

Alizaliwa 1903 Nebraska, Marekani. Ami yake, aliyekuwa na studio, ndiye aliyemfunza kupiga picha. Lakini alipofika chuo cha MIT, kilichomsumbua kilikuwa mota. Zilizunguka mbio hadi jicho halioni kitu. Akazimulika kwa taa inayowaka na kuzima haraka, na mota ikaonekana kama imesimama!

Ujanja wenyewe? Umeme unawekwa akiba kwenye kapasita, kisha unaachiliwa ghafla ndani ya mrija wa gesi. Balbu za flashi za wakati huo ziliungua mara moja ukatupa. Yake iliwaka tena na tena. Gjon Mili akaitumia kupiga wanariadha na wanadansa kwa jarida la Life. Mwaka 1964 Edgerton mwenyewe akanasa risasi ikipasua tofaa.

Alifariki 1990. Kwa hivyo usilaumu kamera yako bado, mazee. Kwenye giza la jimu, kinachosimamisha mchezaji hewani ni ule mwanga mfupi.