Uungwana ni Kushika Neno

Katika Ulaya ya zamani, askari wa farasi aliyevikwa upanga kwa heshima alitazamiwa kuwa hodari vitani, mwaminifu kwa bwana wake, na mpole kwa aliyeshindwa. Wengi waliusifu uungwana huo; wachache waliushika. Tumtazame mmoja wao, William Marshal wa Uingereza.

Mwaka 1152, angali mtoto mdogo, baba yake alimweka rehani kwa Mfalme Stephen, kisha akalivunja neno lake. Mtoto alistahili kunyongwa kwa desturi ya vita, lakini mfalme akamhurumia.

Akiwa mtoto wa nne, William hakutazamia urithi. Basi alijitafutia riziki katika mashindano ya vita, ambamo aliyetekwa alitoa farasi na silaha, au fedha za kujikomboa. Kanisa lilikuwa limeyakataza katika Mtaguso wa Pili wa Laterano, 1139, kwa kuwa watu walikufa bure humo. Walakini mabwana hawakusikia.

Bwana wake, Henry Kijana, alipofariki mwaka 1183 kabla ya kutimiza nadhiri yake, William alikwenda Nchi Takatifu kwa niaba yake. Mwaka 1189 wengi walimwacha mzee Henry II. Yeye alibaki, hata akamwua farasi wa Richard, mwana mwasi wa mfalme. Richard alipotawala hakulipiza kisasi. Alimwoza Isabel de Clare, mrithi wa nchi kubwa, maana alijua thamani ya mtu asiyegeuka.

Mwaka 1216 Mfalme John alifariki, akaacha mrithi wa miaka 9, na mabwana wengi walikuwa upande wa Louis, mwana wa mfalme wa Ufaransa. William, mwenye umri karibu miaka 70, akakubali kumlea mtoto na ufalme. Mwaka 1217 aliwashinda adui huko Lincoln.

Alifariki Mei 14, 1219. Alipokuwa kitandani aliambiwa kwamba imempasa kurudisha mali yote aliyowatoza mateka, nao kwa hesabu yake walikuwa 500. Alijibu kwamba haiwezekani. Hatufichi jambo hilo: ujana wake ulimfuata hata kufani.

Lakini sisi wazazi tukumbuke mwanzo wake. Baba alivunja ahadi, na mtoto ndiye aliyekuwa karibu kuilipa kwa shingo yake. Mtoto huyo alipokua, aliwatumikia wafalme watano, na kwa neno lake mtoto mwingine akalindwa.