Mtakatifu Yohane Batista wa La Salle na Mtoto Asiyefika Shuleni

Kila tarehe 7 Aprili Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yohane Batista wa La Salle, msimamizi wa walimu wote. Wengi wetu tunamfahamu kwa cheo hicho tu. Leo tunapenda kumtazama kama padre ambaye moyo wake haukutulia alipoiona nafasi tupu darasani.

Alizaliwa Reims, Ufaransa, mwaka 1651, katika familia yenye mali na heshima. Akiwa na umri wa miaka 15 alifanywa kanoni wa Kanisa Kuu la mji huo. Wazazi wake walipofariki, yeye aliye mzaliwa wa kwanza alibeba mzigo wa kuwalea wadogo zake, na mwaka 1678 alipewa daraja takatifu ya upadre.

Mwaka uliofuata, mwalimu Adrien Nyel alifika Reims ili kufungua shule kwa ajili ya wavulana maskini. La Salle alimsaidia, bila kudhani kwamba kazi hiyo ingeyachukua maisha yake yote. Alipoona walimu wanakosa malezi, aliwakaribisha mezani pake, kisha nyumbani mwake, jambo lililowachukiza jamaa zake. Alipowahimiza wamtumainie Mungu kwa ajili ya kesho yao, walimkumbusha kwamba yeye hakuwa na la kuogopa, kwani alikuwa na mali na cheo. Neno hilo lilimchoma. Mwaka 1683 aliacha ukanoni, na njaa ilipoikumba nchi aligawa urithi wake kwa maskini. Tangu hapo alikuwa sawa na walimu wake, nao wakawa Shirika la Mabruda wa Shule za Kikristo.

Shule zao hazikutoza ada, na watoto walianza kusoma kwa Kifaransa badala ya Kilatini. Hata hivyo, kufungua mlango hakukutosha, kwa maana wako waliofika leo na kesho wasionekane. Katika mwongozo wa shule alioutayarisha pamoja na mabruda wake, uliochapwa mwaka 1720, utoro ulipewa sura yake. Mwongozo huo haumlaumu mtoto peke yake. Unamtazama mtoto anayevutwa na michezo, mzazi asiyejali au anayesukumwa na umaskini kumpeleka mwanawe kazini kabla ya wakati, na pia mwalimu ambaye ukali wake au ulegevu wake humfanya mtoto aichukie shule.

Dawa zake zilikuwa za kawaida. Mahudhurio yaliandikwa. Wanafunzi waliochaguliwa walikwenda nyumbani kwa wenzao wasiofika ili kujua sababu, na kuwatazama waliokuwa wagonjwa. Mkate uliobaki kwa wenye nacho ulikusanywa na kugawiwa watoto wasio nacho. Wazazi nao walielezwa kwamba mtoto akatizwaye masomo kwa sababu ya kibarua hupata senti chache leo na kupoteza riziki ya maisha yote.

La Salle alifariki Rouen siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719. Papa Leo XIII alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1900, na mwaka 1950 Papa Pius XII alimweka kuwa msimamizi wa walimu. Mabruda wake wamefika hata kwetu Afrika ya Mashariki, nao wanafundisha Kenya na Rwanda.

Wapendwa, kwetu pia kiti hubaki kitupu: siku ya gulio, msimu wa kupalilia, mifugo inapokosa mchungaji, au mdogo mtu anapokosa wa kumlea. Siku moja huonekana ndogo, lakini somo lililopita siku hiyo halirudi, na mtoto anayeachwa nyuma huona aibu, hatimaye hukata tamaa. Jumuiya zetu ndogondogo huwatembelea wagonjwa na wafiwa. Tunaomba ziwatembelee pia watoto wasioonekana shuleni, kwa kuuliza kwa upole na kwa kusaidia palipo na upungufu wa daftari, sare au chakula. Tusianze kwa lawama, maana mtakatifu huyu alianza kwa kutafuta sababu.

Mtakatifu Yohane Batista wa La Salle, utuombee.