JOSEPH CORNELL: Fundi wa mkasi na gundi aliyeenzi nyota wa sinema

JOSEPH Cornell hakusomea sanaa katika chuo chochote, wala hakuwa na ujuzi wa kuchora au kuchonga. Hata hivyo, kwa mkasi, gundi na masanduku ya mbao, aliacha kazi ambazo leo zimehifadhiwa katika makavazi makubwa ya Marekani.

Alizaliwa Desemba 24, 1903 mjini Nyack, jimbo la New York. Baba yake alifariki mwaka wa 1917 na kuiacha familia katika madeni. Mzigo wa jamaa ukamwangukia kifungua mimba huyo angali mvulana.

Kitindamimba wao, Robert, alikuwa na mtindio wa ubongo na hakuweza kutembea. Cornell alimtunza nduguye maisha yake yote. Hakuoa, na hakuwahi kusafiri nje ya Marekani.

Riziki aliitafuta kwa kuuza vitambaa jijini New York. Kila alipopata nafasi, alizuru maduka ya vitu vikuukuu akinunua picha za waigizaji, vitabu, ramani na filamu zilizopitwa na wakati. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Takataka za wengine zikawa hazina yake. Filamu hizo alimwonyesha Robert nyumbani.

Mwaka wa 1931, katika ukumbi wa sanaa wa Julien Levy, aliziona kolaji za Max Ernst, zilizoundwa kwa kukata na kubandika vipande vya picha. Alitambua kwamba hata asiyejua kuchora anaweza kuwa msanii. Usiku, mama yake na Robert walipolala, alifanya kazi kwenye meza ya jikoni katika nyumba yao ya Utopia Parkway, mtaani Queens.

Mwaka wa 1936 alichukua filamu ya 1931 iitwayo East of Borneo, yenye dakika 77, akaikatakata na kuiunganisha upya hadi ikabaki dakika 19 hivi. Mazungumzo aliyaondoa, hadithi akaivuruga, na karibu kila alichobakisha kikawa sura na mienendo ya mwigizaji mkuu, Rose Hobart. Aliionyesha kupitia kioo cha buluu huku santuri za muziki wa Brazil zikicheza, na akaipa jina la mwigizaji huyo.

Ilipoonyeshwa katika ukumbi wa Levy, mchoraji Salvador Dalí alighadhabika na kuipindua projekta, akidai wazo hilo lilikuwa lake. Cornell, mtu mwenye haya nyingi, hakupenda tena kuonyesha filamu zake hadharani.

Lakini mkasi hakuuweka chini. Uso wa Hedy Lamarr aliubandika juu ya mchoro wa kale wa Italia. Kati ya 1945 na 1946 alimuundia Lauren Bacall sanduku la rangi ya buluu mfano wa mashine za michezo ya sarafu, ambamo kijipira kiliteremka kikipita picha za mwigizaji huyo.

Marilyn Monroe alipofariki mwaka wa 1962, Cornell alimkumbuka kwa njia ya pekee. Katika sanduku alilomtengea hakuiweka sura yake iliyojulikana duniani kote, bali ramani ya nyota za angani.

Robert alifariki mwaka wa 1965, na mama yao mwaka uliofuata. Cornell akabaki peke yake katika nyumba iliyojaa makasha ya picha, wakati ule ule sifa zake zikienea. Mnamo 1967, makavazi ya Guggenheim yaliandaa maonyesho makubwa ya kazi zake.

Mapema mwaka wa 1972, chuo cha Cooper Union kiliandaa maonyesho kwa ajili ya watoto. Masanduku yaliwekwa chini, usawa wa macho yao, na wageni hao wakaandaliwa keki na soda.

Cornell alifariki nyumbani kwake Desemba 29 mwaka huo, siku tano baada ya kutimiza miaka 69. Nyota aliowaenzi waliishi katika fahari ambayo hakuionja; yeye aliitunza kwa ajili yao, kipande baada ya kipande, mezani jikoni.