Mukama Rugomora Mahe na Mnara wa Chuma

Ukisafiri kwa meli kutoka Mwanza, ukavuka Ziwa Viktoria kuelekea magharibi, utafika Bukoba, katika nchi ya Wahaya. Si mbali na mji huo kipo kijiji cha Katuruka. Hapo ndipo Mukama Rugomora Mahe, yaani mfalme wa Kyamtwara, alipoweka makao yake katika karne ya 17.

Rugomora alikuwa wa ukoo wa Bahinda. Ukoo huo uliingia Buhaya kutoka nje, hali ufundi wa chuma ulikuwa mikononi mwa koo za wenyeji. Mfalme asiye na wahunzi hakuwa na majembe ya kulimia wala mikuki ya kuwalinda watu wake. Rugomora alijenga karibu na mti ulioitwa Kaiija, na maana ya jina hilo ni mahali pa kufulia chuma. Wazee husimulia kwamba aliwakusanya wahunzi, akawaamuru wamjengee mnara mrefu wa chuma, apate kuona mbingu zilivyo. Mnara huo haupo leo.

Je, wahunzi wa Buhaya walipataje chuma? Katika ardhi chuma hupatikana ndani ya mawe mekundu au ya kahawia, kikiwa kimeungana na oksijeni. Wahunzi walichimba shimo, wakachoma matete ndani yake, kisha wakajenga juu yake tanuri la udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani. Walitia mkaa na mawe ya chuma, wakavukuta hewa kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo. Mkaa ulipoungua ulitoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hiyo huyanyang'anya mawe oksijeni yake, na chuma hubaki. Takataka huyeyuka, na zikipoa huwa mavi ya chuma. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliionyesha tena njia hiyo, ingawa ilikuwa imeachwa kwa miaka mingi tangu chuma cha Ulaya kilipoenea.

Sasa fikiri: kutu ni nini? Chuma kinapokutana na maji na hewa huungana tena na oksijeni, kikageuka unga mwekundu unaofanana na yale mawe kilikotoka. Kutu hubanduka na kukiacha chuma cha ndani wazi. Kwa hiyo jembe lisilotunzwa huliwa mpaka likaisha. Buhaya ni nchi ya mvua nyingi, na chuma kilichofukiwa katika udongo wenye unyevu hakidumu. Lakini mkaa na mavi ya chuma hudumu.

Karibu na mwaka 1970 wataalamu wa mambo ya kale waliyasikiliza masimulizi ya wazee wa Katuruka, wakachimba mahali pa Kaiija. Hawakuukuta mnara. Walikuta mabaki ya kazi ya chuma pamoja na mkaa, na mkaa huo ulipopimwa ulionyesha kwamba kazi hiyo ilifanyika hapo zaidi ya miaka 1,500 kabla ya Rugomora kuzaliwa. Basi ufundi huo haukuanzishwa na mfalme. Yeye alijenga penye heshima ya kale ya wahunzi, na masimulizi juu yake yakawaonyesha wataalamu mahali pa kuchimba.

Jaribu mwenyewe. Chukua misumari miwili mipya isiyotiwa zinki. Mmoja upake mafuta mazito, wa pili uache mtupu. Ifukie yote miwili katika udongo wenye unyevu, uifukue baada ya majuma mawili. Upi umeshika kutu, na kwa nini? Utaelewa sasa kwa nini mabati hupakwa zinki, na kwa nini meli za ziwani hupakwa rangi: maji na hewa visikifikie chuma.

Kisha waulize wazee wa mahali unapokaa kama kuna mti, kilima au kijiji ambacho jina lake limetokana na uhunzi. Yaandike majina hayo katika daftari lako, pamoja na maana zake.