Kicheko kilichomgharimu mtani

Wagogo na Wahehe ni watani. Mtani hufika msibani akataja kasoro za marehemu mbele ya wafiwa, na hakuna anayekasirika. Lakini kumtania mtawala ni jambo jingine. Wahome Mutahi wa Kenya alilijua hilo kwa mwili wake.

Alizaliwa Nyeri mwaka 1954. Wakenya walimpenda kwa safu yake ya vichekesho gazetini, Whispers. Humo alijichora kuwa mlevi wa mjini anayemwogopa mkewe, ambaye alimpa jina la Thatcher. Alijicheka yeye kwanza. Ndiyo maana alipowageukia wakubwa, watu walimwamini.

Mwaka 1986, enzi za Rais Daniel arap Moi, alikamatwa kwa tuhuma za kuhusika na Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali. Aliwekwa katika mahabusu ya Nyayo House, Nairobi, mahali palipojulikana kwa mateso, kisha akafungwa gerezani.

Alipotoka angeweza kunyamaza, na nani angemlaumu? Angeweza pia kujaa chuki. Yeye alirudi kuchekesha. Mwaka 1991 ilitoka riwaya yake Three Days on the Cross, yaani Siku Tatu Msalabani, inayosimulia mateso ya watu waliokamatwa bila kosa. Baadaye alitunga michezo ya kuigiza kwa Kikuyu, akaipeleka hadi kwenye baa, ili wasiofika kwenye kumbi za maonyesho nao wacheke na kufumbuka macho. Alifariki Julai 2003, akiwa na miaka 48.

Nabii Nathani naye hakumvamia Daudi kwa matusi. Alimsimulia habari ya mwanakondoo wa maskini, na mfalme akajihukumu mwenyewe. Mzaha wenye ukweli huingia mahali ambapo hotuba hufungiwa mlango.

Hapa Miyuji tunataniana sana, hata baada ya sala za jumuiya. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi tunamcheka nani? Mwenye kigugumizi, binti aliyezalia nyumbani, jirani aliyeshindwa kulipa mchango. Mwenye nguvu tunamchekea tu.

Mutahi alicheka kuelekea juu, na akalipa. Sisi tunacheka kuelekea chini, na hatulipi kitu. Anayelipa ni yule mnyonge. Wiki hii, kabla ya kutoa mzaha, tumtazame atakayeumia.