Tove Jansson na Jibu Nililolitoa Nusu

Nafundisha sanaa katika shule moja ya sekondari hapa Makupa. Lino ni ghali, kwa hiyo vijana wangu huchonga nyayo za kandambili kuukuu, wakazipaka wino na kuzigandamiza karatasini. Pembezoni mwa madaftari yao huchora katuni, ingawa wengi wamekwisha kuambiwa kwamba katuni si sanaa bali ni uvivu. Ndiyo sababu muhula uliopita niliwasimulia maisha ya Tove Jansson. Niliyasimulia vyema, isipokuwa mahali pamoja, na hapo ndipo paliponilazimisha kushika kalamu.

Tove alizaliwa Helsinki, nchini Ufini, tarehe 9 Agosti 1914. Baba yake, Viktor, alikuwa mchonga sanamu; mama yake, Signe, alichora stempu za posta na picha za magazetini. Mwaka 1929 binti huyo alianza kuchorea jarida la dhihaka liitwalo Garm. Mwaka 1938, mataifa makubwa yalipokuwa yakimbembeleza Hitler, yeye alimchora kama mtoto aliyedekezwa, anayelilia keki.

Mwaka 1945 kilitoka kitabu chake cha kwanza cha Moomin, wale viumbe weupe, wanene, wenye pua kama ya kiboko. Mwaka 1954 gazeti la Evening News la London likaanza kuchapa katuni zao, sita kila juma. Baadaye zikaenea katika magazeti yapatayo 120. Tove akapata kipato cha uhakika, lakini hakubakiwa na wasaa wa kupaka rangi turubai zake. Mkataba ulipomalizika mwaka 1959 alikataa kuurefusha, akamwachia kazi hiyo ndugu yake Lars, aliyeiendeleza hadi 1975. Wanafunzi na wazingatie jambo hili: katuni ilimlisha, na ilipotaka kumla, aliiacha.

Sasa nafika mahali pale nilipojikwaa. Mwishoni mwa 1955 Tove alikutana na Tuulikki Pietilä, msanii wa michoro ya kuchapwa na mwalimu wa fani hiyo. Katika kitabu cha Moomin cha mwaka 1957, kinachohusu majira ya baridi, alimuumba mhusika mwenye busara, Too-ticky, kwa mfano wa Tuulikki. Baadhi ya picha za kitabu hicho alizikwaruza katika kadi nyeusi, mwanga ukachomoza gizani kama uchomozavyo katika lino. Miaka ya 1960 wakajenga nyumba ya chumba kimoja katika kisiwa kidogo cha Klovharu, wakawa wakiishi huko kila majira ya joto kwa zaidi ya miaka 25.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza Tuulikki alikuwa nani kwa Tove. Nikajibu kwamba alikuwa rafiki, nikageuka kufuta ubao.

Ukweli ni kwamba alikuwa mwenzi wake wa maisha, hadi Tove alipofariki tarehe 27 Juni 2001. Sheria ya Ufini iliyahesabu mapenzi ya namna hiyo kuwa jinai hadi 1971, na waganga wakayahesabu kuwa maradhi hadi 1981. Mwaka 1992 wawili hao walihudhuria pamoja dhifa ya Siku ya Uhuru katika ikulu, taifa zima likitazama.

Naujua mji ninaofundisha. Najua pia kwamba mwaka 2019 Mahakama Kuu, Nairobi, ilikataa kufuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyohusu jambo hili. Wapo wazazi na walimu wenzangu watakaosema nilifanya hekima kunyamaza. Nawaheshimu, lakini sina budi kukiri kwamba ile haikuwa hekima, ilikuwa hofu. Huenda kijana yule aliuliza kwa udadisi tu. Huenda pia alikuwa na sababu yake moyoni. Na ikiwa ni hivyo, nilimfundisha kwamba hata msanii aliyemcheka Hitler ni wa kufichwa nusu yake.

Mwalimu halazimiki kuhukumu kila maisha anayoyasimulia. Ila akishaamua kuyasimulia, asiyapunguze. Muhula ujao, panapo majaaliwa, nitarudi mbele ya ubao uleule na kulijibu swali lile upya.